Bunduki Ikikupiga Bega, Risasi Imeshaondoka

Umemlenga nyati nyuma kidogo ya bega, hatua kama 60. Unafyatua, anatimua mbio na kuingia vichakani akiwa na jeraha. Wengi hapo husema, "Bunduki ilinirusha." Hebu tupige hesabu kidogo tuone kama ni kweli.

Chukua .375 H&H Magnum, bunduki maarufu kwa wanyama hatari. Risasi yake ina gramu 19 hivi na hutoka kwa kasi ya karibu mita 770 kwa sekunde. Kwa kanuni za Newton, risasi na gesi ya baruti zikienda mbele, bunduki lazima irudi nyuma kwa momenta ileile, yaani tungamo mara kasi. Bunduki ya kilo 4 inakurudia kwa kama mita 5 kwa sekunde. Begani utaisikia tu!

Lakini risasi hukaa ndani ya mtutu kwa kama milisekunde 1.5. Kwa muda huo bunduki imerudi milimita 3 hivi. Mwili wako, kwa upande wake, unahitaji kama milisekunde 200 kuitikia jambo. Kumbe ukisikia pigo, risasi imeshaenda zake.

Sasa nini kimekukosesha? Woga. Ubongo uliokwisha kuumizwa hujihami mapema: macho yanafumba, bega linasukuma mbele, kidole kinavuta kwa pupa. Yote hayo kabla risasi haijatoka.

Ndo maana mazoezi hayaanzi na bunduki kubwa. Nenda uwanja wa shabaha, chini ya msimamizi, uanze na .22 ambayo hairudi kwa nguvu. Kisha shika ile kubwa, mwombe mwenzako aijaze bila wewe kuona, mara risasi halisi, mara ya bandia. Ikija ya bandia na mtutu ukacheza, umejikamata mwenyewe. Rudia mpaka utulie.

Kitako kibane begani. Ukiacha nafasi, kinapata mwendo kwanza ndipo kikugonge. Na bega likianza kuuma, acha kwa siku hiyo. Ukiendelea unaufundisha mwili woga.

Maana nyati aliyejeruhiwa lazima afuatwe, na mara nyingi anayetangulia kwenye nyayo zake si wewe uliyefyatua. Ni yule mfuatilia nyayo, mikono mitupu.