UZI: Utafiti kuhusu Meru na Embu unaandikiwa nani?

Mjadala wa lugha ukizuka, mwanasiasa mmoja anasema Kiingereza ndicho lugha ya elimu, mwingine analia lugha ya mama inakufa. Wote wanapigiwa makofi. Mimi nasoma sayansi ya siasa, na naona wanaruka swali moja: utafiti unaotuhusu ukichapishwa, nani anaweza kuusoma na kuupinga?

Chukueni Mugwe, yule aliyekuwa akibariki jamii kwa Wameru. Mwaka 1959 Bernardo Bernardi, mmisionari na mwanaanthropolojia kutoka Italia, alichapisha kitabu kumhusu, kwa Kiingereza, London. Kichwa kilimwita nabii anayeshindwa. Toleo la Nairobi la 1989 likamwita nabii anayebariki. Miaka 30 kubadilisha neno moja! Sasa niambieni, kati ya wazee waliotoa habari zile, wangapi wangeweza kusoma kile kichwa cha kwanza na kusema "aa, hapo si hivyo"? (Hata "nabii" tumelitoa kwa Biblia. Mugwe ni Mugwe.)

Wa Kiingereza nao wana hoja, tusiwadharau. Makala ya Kimeru pekee haitasomwa na mwanahistoria aliye Accra, na bila wakosoaji wa nje tutabaki kujisifu tu. Kiswahili? Dar es Salaam wana majarida ya kitaaluma ya Kiswahili miaka mingi. Lakini shosho wa Mbeere anayeongea Kimbeere tu bado hujamfikia.

Inawezekana, lakini. Mwaka 1994 Ngũgĩ wa Thiong'o alianzisha Mũtiiri, jarida la Kigĩkũyũ. Wapi? New York. Hapo ndipo huniuma, jarida la lugha ya huku kupata makao ng'ambo.

Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inaitaka serikali kukuza matumizi ya lugha za kiasili. Lakini mhadhiri anapanda cheo kwa machapisho, na makala ya Kiembu ataipeleka jarida gani, ipitiwe na nani? Tamko la Helsinki la 2019 linataka msomi asipoteze alama kwa sababu ya lugha aliyoandikia.

Kwa hiyo mwanasiasa akisimama pale Makutano kusifu lugha ya mama, muulizeni: kila tasnifu kuhusu Meru na Embu itakuwa na muhtasari kwa Kimeru, Kiembu au Kimbeere? Na mfasiri atalipwa na nani?