Kabla Hujalipia Programu ya Masoko, Jiulize Maswali Haya Matatu

Msimu wa nyanya ukikaribia, simu yangu haitulii. "Bwana shamba, kuna programu mpya ya masoko, tujiunge?" Wengine wanataka kuchanga watengenezewe ya kwao. Pesa hiyo ndiyo ya mbegu na dawa, kwa hiyo swali si dogo hata kidogo. Leo tuangalie huduma za simu zilizoshika na zilizokufa, tujue sababu.

Tuanze na Japani. Februari 1999 kampuni ya NTT DoCoMo ilianzisha i-mode, yaani intaneti kwenye simu ndogo za wakati ule. Mteja alilipia data aliyotumia, siyo dakika. Ada ya huduma aliyojiunga nayo iliingia kwenye bili yake ya simu, DoCoMo ikakata asilimia 9 tu, inayobaki ikaenda kwa mwenye huduma. Ndiyo maana wengi walileta huduma zao humo. Ulaya nako kulikuwa na WAP. Huko dakika zilihesabiwa hata ukurasa ukichelewa kufunguka, na mwenye huduma hakuwa na njia rahisi ya kulipwa. Watu wakajaribu, wakaachana nayo.

Sasa sikia hili. Mwaka 2002 i-mode yenyewe ilipelekwa Ujerumani na Uholanzi. Haikushika kama kwao. Mjapani alikuwa ameizoea akiwa ndani ya treni, lakini Wazungu wengi walikuwa na kompyuta nyumbani na kwenye simu SMS iliwatosha.

Kwetu Afrika, M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007, ikaingia Tanzania 2008. Haikudai simu janja, kitochi kilitosha. Watu walikuwa tayari wanatuma pesa kijijini kwa kumpa dereva wa basi, ikawarahisishia. Wakala alikuwa mwenye duka la jirani, naye anapata kamisheni kwa kila muamala. Afrika Kusini ilizinduliwa 2010, ikazinduliwa upya 2014, ikafungwa 2016. Huko wengi walikuwa na akaunti za benki, maduka makubwa yalikuwa yanatuma pesa, na mawakala wa M-Pesa walikuwa wachache.

Umeona? Jina lilelile, huduma ileile, soko likaikataa. Kwa hiyo kabla hujatoa hela, jiulize:

1. Je, inarahisisha kazi ninayoifanya tayari, au inanibebesha kazi mpya?
2. Mnunuzi wangu yumo? Anaweza kuitumia kwa simu aliyonayo na bando analomudu? Programu yenye wakulima mia tano bila mnunuzi hata mmoja si soko.
3. Anayekusanya bei sokoni alfajiri analipwa na nani? Kama halipwi, mwezi wa pili utasoma bei za zamani, na dalali atakupiga bao.

Kwa vikundi vinavyotaka programu yao, ushauri wangu ni huu: msimpe fundi hata shilingi kwanza. Jaribuni msimu mmoja kwa kundi la WhatsApp na SMS za kawaida. Kila wiki tangazeni matenga mangapi yapo, daraja gani, mnavuna siku gani. Teueni mtu mmoja wa kupokea oda, mlipeni kidogo kwa kila tenga linalouzwa ili asichoke. Kisha andikeni kwenye daftari: wanunuzi wangapi wamerudi mara ya pili?

Wakirudi na kazi ikawazidi, hapo mtamwita fundi mkijua mnataka nini. Wasiporudi, tatizo liko kwenye daraja, bei au usafiri, na hakuna programu itakayoliponya. Hilo tunalimaliza shambani, mniite nije.

Kilimo chema.