Kanisa la Gundi na Rangi

Mimi ni mwalimu wa shule ya Jumapili, na swali langu ni hili: programu nzuri hutokaje kanisa moja ikastawi katika jingine?

Itazame programu iitwayo Messy Church. Ilianza 2004 katika kanisa la Kianglikana la St Wilfrid's, Cowplain, karibu na Portsmouth, Uingereza. Watoto wachache tu walikuja Jumapili. Lucy Moore na wenzake wa kanisa hilo wakaalika familia nzima, mara moja kwa mwezi, baada ya saa za shule: kazi za mikono, ibada fupi, kisha mlo wa pamoja. Mwaka 2006 Moore alichapisha kitabu kuihusu. Wamethodisti na Wabaptisti wakaichukua, ikavuka hadi nchi nyingine.

Makanisa hayo yote hushiriki nguzo tano: Kristo awe kiini, rika zote, ubunifu, ukarimu na sherehe. Chakula na nyimbo kila kanisa hujichagulia.

Lakini kwetu semina za makanisa za kubadilishana uzoefu huishia kwenye picha ya pamoja. Afadhali tutume walimu wawili kwa kanisa jirani wakapike, wafundishe na kuosha vyombo pamoja na wenyeji. Maswali ya maana huulizwa jikoni.