'Muda': Adui anayejificha katika biashara yako

Ukiingia dukani ukute rafu zimejaa hadi darini, vitambaa vimerundikwa hadi mlangoni na mafundi wanatokwa na jasho, bila shaka utasema mambo ya mwenye biashara hiyo yako shwari. Hata hivyo, wapo watu ambao wangeyatazama hayo hayo na kutikisa kichwa. Wangekuambia kwamba pesa za mwenye duka zimelala rafuni, na kwamba huenda sehemu kubwa ya jasho hilo inamwagika bure.

Watu hao wamefunzwa mbinu iliyobuniwa katika viwanda vya magari vya Toyota nchini Japani. Mwaka wa 1988, Mmarekani John Krafcik aliipa jina la Kiingereza ambalo hutumiwa pia kwa nyama isiyo na mafuta. Shabaha yake ni moja: kuondoa kila kazi na kila gharama isiyomfaidi mnunuzi.

Kwa Kijapani, hasara ya aina hiyo huitwa 'muda'. Naam, umesoma sawasawa! Neno ambalo kwetu sisi ni wakati, kwa Wajapani ni ubadhirifu. Ni sadfa tu ya lugha, lakini ni sadfa yenye mafunzo, kwa sababu ubadhirifu mwingi katika biashara ni wakati unaopotea bila mtu kutambua.

Shida ilivyozaa akili

Wengi hudhani mbinu hii ilitokana na utajiri. La hasha! Ilizaliwa katika ukata. Vita vya Pili vya Dunia vilipomalizika mwaka wa 1945, Toyota ilikuwa kampuni ndogo isiyo na pesa za kununulia mitambo mingi wala za kujaza maghala vipuri. Kufikia mwaka wa 1950 ilikuwa karibu kufilisika. Wafanyakazi waligoma, watu zaidi ya 1,500 wakaacha kazi, naye mwanzilishi wake, Kiichiro Toyoda, akajiuzulu. Kampuni iliokoka kwa sababu vita vilizuka Korea mwezi wa Juni mwaka huo, na jeshi la Marekani likaagiza malori.

Katika miaka hiyo ya dhiki ndipo fikira za Taiichi Ohno, msimamizi katika kiwanda hicho, zilipopata nafasi. Viwanda vya Marekani vilitengeneza vipuri vya aina moja kwa maelfu, kisha vikaviweka ghalani vingoje. Ohno aliona kwamba kampuni maskini haiwezi kuiga mtindo huo. Yeye alitaka kila kitu kitengenezwe kinapohitajika, na kwa idadi inayohitajika tu.

Aligawa ubadhirifu katika mafungu 7: kutengeneza bidhaa kupita mahitaji, kungoja, kuhamishahamisha vitu, kufanya kazi ambayo mnunuzi hakuiomba, kulimbikiza mali, kuzungukazunguka ukitafuta vifaa, na kutengeneza bidhaa zenye kasoro. Fungu la kwanza ndilo alilolichukia zaidi, kwani ndilo mzazi wa mengine. Ukitengeneza kupita kiasi utahitaji mahali pa kuweka, mtu wa kubeba, mtu wa kulinda, na mwishowe mtu wa kununua kwa bei ya kutupa.

Hesabu ya mashati 10

Pengine unajiuliza haya ya magari yanakuhusu vipi wewe mwenye kibanda au karakana. Hebu tupige hesabu ndogo. Tuseme mama mmoja anashona sare za shule na ameajiri mafundi 3. Wa kwanza anakata kitambaa, wa pili anashona, wa tatu anatia vifungo na kupiga pasi. Kila hatua inachukua dakika 10 kwa shati moja, na kuna oda ya mashati 10.

Mtindo uliozoeleka ni kwamba wa kwanza anakata yote 10 kabla ya kumpa wa pili, naye wa pili anashona yote kabla ya kumpa wa tatu. Kila mmoja atatumia dakika 100. Oda itakamilika baada ya dakika 300, yaani saa 5, na mzazi anayesubiri hataona hata shati moja kabla ya dakika 210 kupita.

Sasa geuza. Shati likishakatwa, lipitishwe mara moja kwa mshonaji, na likishashonwa lipitishwe kwa mtia vifungo. Shati la kwanza litakuwa tayari baada ya dakika 30, na la kumi baada ya dakika 120. Saa 2 badala ya 5! Hakuna fundi aliyekimbizwa wala cherehani mpya iliyonunuliwa. Kilichoondolewa ni kungoja.

Isitoshe, tuseme kipimo cha kola kilikosewa. Katika mtindo wa kwanza, mshonaji atagundua kosa wakati mashati yote 10 yamekwisha kukatwa. Katika mtindo wa pili, ataligundua katika shati la kwanza, na kitambaa kilichosalia kitaokolewa.

Ni kweli kwamba kukata tabaka kadhaa za kitambaa kwa mara moja kunaokoa wakati, na fundi anayefanya kazi peke yake hatapata tofauti ya saa kubwa kiasi hicho. Lakini hata yeye ataliona kosa mapema, na atakuwa na shati la kumkabidhi mteja huku akiendelea na mengine.

Kadi badala ya kubahatisha

Kuhusu kulimbikiza mali, Ohno alijifunza kutoka kwa supamaketi za Marekani. Pale rafuni, bidhaa hurudishwa kwa kadiri wanunuzi walivyochukua. Akaleta mtindo huo kiwandani kwa kutumia kadi, ambazo Wajapani huziita 'kanban'. Kadi ikirudi, hiyo ndiyo ruhusa ya kutengeneza kingine. Bila kadi, hakuna kutengeneza.

Nawe unaweza kufanya vivyo hivyo bila gharama. Weka vifungo au misumari katika visanduku 2. Kimoja kikiisha, anza kutumia cha pili na papo hapo agiza vya kujaza kile kitupu. Ukubwa wa kisanduku ulingane na siku ambazo mzigo huchukua kufika. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Hapa kisanduku kitupu ndicho daftari, na hata kijana aliyeajiriwa jana anaweza kulisoma.

Lakini tahadhari! Kupunguza akiba si kuimaliza. Tetemeko la ardhi na tsunami zilipoikumba Japani tarehe 11 Machi 2011, viwanda vya Toyota vilisimama kwa kukosa vipuri, na kampuni ikalazimika kufikiria upya ni vipuri vipi vinahitaji akiba. Kwa hivyo kitu kinachopatikana mtaa wa pili usikijaze stoo. Kile kinachoagizwa ng'ambo, au kinachokwama barabara zikiharibiwa na mvua, kiwekee akiba ya kutosha.

Kamba ya kusimamisha kazi

Kuna jambo jingine ambalo wengi wanaoiga mbinu hii hulisahau, nalo ndilo uti wa mgongo wake. Mwaka wa 1924, Sakichi Toyoda, baba yake Kiichiro, alikamilisha mashine ya kufuma iliyojisimamisha yenyewe uzi ulipokatika, ili isiendelee kufuma kitambaa kibovu. Toyota ilichukua wazo hilo ikalihamishia kwa binadamu. Mfanyakazi yeyote akiona kasoro, huvuta kamba iliyo juu yake. Kiongozi wake huja mbio kumsaidia, na wasipoitatua kwa haraka, kazi husimama. Kisha huulizwa 'kwa nini?' hata mara 5, mpaka chanzo kipatikane. Haulizwi nani wa kulaumiwa.

Je, wafanyakazi wanaweza kuaminiwa kiasi hicho? Tazama yaliyotokea Fremont, California. Kiwanda cha General Motors kilichokuwa huko kilifungwa mwaka wa 1982 baada ya miaka ya migomo, utoro na magari mabovu. Mwaka wa 1984 kilifunguliwa upya kwa ushirikiano na Toyota, na wengi wa walioajiriwa walikuwa wafanyakazi wale wale wa zamani. Safari hii walipewa kamba na wakasikilizwa. Haikuchukua muda mrefu kabla ya magari yao kusifiwa kuwa miongoni mwa yaliyo bora Marekani. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka wa 2010, baada ya General Motors kujiondoa, lakini funzo lake halijazikwa.

Karibu na kwetu, Hospitali ya Rufaa ya Mbeya nchini Tanzania ilianza mwaka wa 2007 kutumia sehemu ya mbinu hizi kwa msaada wa Japani, ikianza na usafi na mpangilio wa vifaa. Wajapani wana maneno 5 ya kazi hiyo, yote yakianza kwa herufi S. Kwa Kiswahili pia yanaweza kuanza hivyo: sasambua, seti, safisha, sanifisha, shikilia. Yaani toa usivyohitaji, kila kifaa kipe mahali pake, safisha, weka utaratibu mmoja unaojulikana na wote, kisha usiuache. Muuguzi asiyetafuta sindano ana nafasi ya kumhudumia mgonjwa.

Neno kwa mwajiri

Wakenya wengi wakisikia neno 'ufanisi' hushtuka, nao wana sababu. Wanakumbuka miaka ya 1990, wakati watumishi wa serikali walipopunguzwa kazini kwa maelfu na familia zikabaki zikihangaika. Ewe mwajiri, fundi akikuonyesha jinsi ya kuokoa saa 3, nawe ukazitumia saa hizo kumfuta kazi, hiyo ndiyo siku ya mwisho kwa yeyote kukuonyesha jambo. Zitumie kutafuta oda nyingine. Wanaokaa na kazi hiyo kutwa nzima ndio wajuao inakovuja.

Nawe mwanafunzi, usingoje kuajiriwa. Fuatilia shati moja, mandazi au kiti kimoja katika biashara ya mzazi wako, tangu mwanzo hadi mnunuzi alipe. Andika dakika ambazo kilishughulikiwa na dakika ambazo kilingoja. Huenda hesabu hiyo ikamshangaza mzee.

Kesho ukifungua biashara, usianze kwa kununua kitu. Simama pembeni nusu saa, tazama nani anangoja na anangoja nini. Kisha muulize fundi wako ni kitu gani kinachompotezea wakati, na akijibu, usimkatize. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na huenda yeye ameuona ufa huo tangu mwaka jana.