Sauti Hushuka Bure, Jibu Hulipiwa

Msafiri anayetoka mji wa Isiolo kuelekea Archers Post kwa barabara kuu ya A2 hupita Ngaremara kwa dakika chache, mara nyingi bila kujua kwamba amepita. Watalii hulijua jina hilo kwa sababu ya lango la hifadhi ya Buffalo Springs. Ngare, kwa Kimaa, ni maji. Wenyeji, wengi wao Waturkana, wamelizoea jina na wanaendelea kuyafuata maji yenyewe na mitungi. Hapa habari za teknolojia hutangulia teknolojia. Mtu husikia redioni, akiwa malishoni, kuhusu maputo ya intaneti, setilaiti na 5G, muda mrefu kabla ya kukutana na kimojawapo. Maoni juu ya vitu hivyo huwa anayo papo hapo. Kuyafikisha redioni ni shughuli nyingine kabisa.

Kipindi cha mjadala redioni kina njia mbili ambazo msikilizaji huzisikia kama moja. Ya kwanza hushuka, kutoka mnara hadi kwenye kipokezi. Mawimbi ya FM, yaliyo kati ya megahezi 88 na 108, husafiri karibu kama macho yanavyoona: mnara wa mita 100 uliosimama kwenye tambarare hufika takriban kilomita 40 kabla mviringo wa dunia haujaukata, na kilima kikiingia kati, hata hizo hazifiki. Gharama ya njia hii yote ni ya kituo, na haibadiliki. Msikilizaji wa elfu kumi haongezi hata senti kwenye bili ya stima ya mtambo. Njia ya pili hupanda, kutoka kwa msikilizaji hadi studio, kwa simu, kwa ujumbe mfupi au kwa sauti iliyorekodiwa kwenye WhatsApp. Hii hulipwa na msikilizaji, kila mmoja peke yake, kila mara upya.

Mengi tunayoyaita maoni ya wananchi hutokana na tofauti hiyo ya bei.

Njia ya kupanda haikuanza na simu. Kwa miaka mingi wasikilizaji wa Idhaa ya Taifa ya KBC, shirika lililokuwa likiitwa Sauti ya Kenya hadi 1989, walinunua kadi za salamu, wakajaza majina ya jamaa na marafiki, wakazitia posta. Kadi ilichukua siku au wiki kufika, na hapakuwa na hasara, kwa maana salamu haichachi. Maoni juu ya habari ya leo huchacha kufikia kesho kutwa. Ndiyo maana enzi ya kadi ilizaa salamu nyingi na mijadala michache. Kipindi kilichozungumzia mwenendo wa watu kilikuwa Je, Huu ni Ungwana?, alichokianzisha Leonard Mambo Mbotela mwaka 1966 na kukiendeleza kwa miongo kadhaa. Mbotela, aliyefariki Februari 2025, aliuliza swali na kwa sehemu kubwa akalijibu mwenyewe. Ni muundo unaofaa kabisa pale ambapo njia ya kurudi ni mkoba wa posta.

Vituo vya binafsi vilipoanza katika miaka ya 1990, Capital FM mwaka 1996, kisha Kameme mwaka 2000 kwa Kikikuyu, simu za mkononi zilikuwa zinaingia mifukoni wakati huohuo. Mjadala wa kupiga simu ulizaliwa na mambo hayo mawili kukutana. Kwa mwenye kituo ni kipindi rahisi kuliko vyote kutengeneza: hakuna mwandishi wa kutumwa, hakuna mwigizaji wa kulipwa, na ujumbe mfupi unaotumwa kwa namba maalumu hutozwa zaidi ya ule wa kawaida, ziada ikigawanywa kati ya kampuni ya simu, mwenye namba na kituo. Ni vigumu kupata biashara nyingine ambako mtu hulipa nauli ili alete bidhaa dukani, kisha akashukuru kwa kupokelewa.

Sasa tuihesabu nauli hiyo kutoka Ngaremara. Kwanza kuna chaji. Nyumba isiyo na stima huchaji simu kwa paneli ndogo ya jua au hupeleka simu sentani, ikalipiwa na kuachwa huko kwa saa kadhaa; simu iliyo dukani haichangii mjadala. Ndiyo sababu kabambe, simu ya vitufe yenye tochi, haijafa: betri yake huvumilia siku kadhaa. Pili kuna mtandao, ambao hupatikana vizuri kando ya barabara na huanza kukatikakatika kadiri mtu anavyoelekea pande za Daaba na Gotu, hadi ukawa kitu cha kutafutwa juu ya mwamba fulani unaojulikana na kila mtu. Tatu kuna kredo. Asiye nayo anaweza kukopa kwa Okoa Jahazi na kukatwa asilimia 10, huduma yenye jina la kupendeza kwa watu walio zaidi ya kilomita 400 kutoka pwani. Akishapata, hupiga na kukuta laini imejaa, kwa kuwa studio ina laini chache. Ikipokelewa huambiwa asubiri, na kuanzia hapo dakika zinahesabika. Anaweza kumaliza kredo yote akisikiliza kwenye simu tangazo lilelile ambalo redio iliyo kando yake inampa bure.

Halafu kuna lugha, gharama isiyoonekana kwenye bili yoyote. Radio Shahidi ya Kanisa Katoliki iko mjini Isiolo, karibu. Kituo kama Radio Akicha, kinachozungumza Kiturkana, kiko Lodwar, zaidi ya kilomita 300 hata kwa mwendo wa ndege, na FM haina miguu ya safari hiyo. Kwa hiyo mzee mwenye hoja nzito kwa Kiturkana huipunguza uzito ili ipite katika Kiswahili, au humwachia kijana aliyesoma. Kijana huyo, akishika simu, husema yake.

Jumla ya ada hizi ni kichujio. Wanaopita ni wanaokaa karibu na mnara na karibu na soketi: mwenye duka, mwalimu, mwendesha boda boda aliye stejini akisubiri abiria. Mchungaji anayesikiliza kutwa nzima, ambaye pengine ndiye msikilizaji mwaminifu kuliko wote, hasikiki kabisa. Mwanamke ambaye simu ya nyumba iko mfukoni mwa mumewe hasikiki pia, isipokuwa mume akiwa na maoni kama yake na akakumbuka kusema ni ya mkewe. Sensa ya 2019 ilikuta redio katika asilimia 56.9 ya kaya za Kenya, wakati asilimia 22.6 tu ya watu wa miaka mitatu na zaidi walikuwa wakitumia intaneti. Pengo kati ya tarakimu hizo ndilo pengo kati ya kusikia na kujibu kwa bei nafuu. Kaunti ya Isiolo, yenye watu 268,002 katika sensa hiyo na kilomita za mraba zaidi ya 25,000, ina wastani wa watu kama kumi kwa kila kilomita ya mraba. Mtu wa mauzo akiitazama hesabu hiyo huzungumza juu ya kaunti nyingine.

Kituo nacho kina kichujio chake, na hakikukosa sababu. Baada ya vurugu za uchaguzi wa 2007, Joshua arap Sang, mtangazaji wa Kass FM, alijikuta mbele ya Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kwa tuhuma zilizohusu matangazo yake. Kesi ilisitishwa Aprili 2016, lakini kila mwenye leseni alikuwa ameelewa. Njia za kujikinga ni mbili. Moja ni kuchelewesha matangazo kwa sekunde chache, sauti ikipita kwenye akiba ya muda ili mtangazaji aweze kulikata neno kabla halijatoka. Nyingine, isiyohitaji mtambo, ni kupokea watu anaowajua. Hivyo huzaliwa wachangiaji sugu, wenye majina ya utani, wanaopiga kila asubuhi juu ya bei ya mafuta, mpira, ndoa na akili bandia, na ambao hawajawahi kuikosa mada inayowazidi.

Njia ya kurudi ikiwa nyembamba hivi, swali lenyewe hupunguzwa ili lipite. Mchangiaji ana sekunde kama arobaini. Kwa mfano, mwaka 2023 Wakenya walipanga foleni ndefu Nairobi ili mboni za macho yao zipigwe picha na mradi wa Worldcoin, wakipewa sarafu za kidijitali zilizokuwa na thamani ya takriban shilingi 7,000, hadi serikali iliposimamisha shughuli hiyo mwanzoni mwa Agosti. Maswali yaliyofaa yalikuwa magumu kiasi: picha ya mboni hugeuzwa kuwa namba gani, namba hiyo huhifadhiwa wapi, inaweza kufutwa au la, na ridhaa inayotolewa na mtu mwenye njaa ina uzito gani kisheria. Swali linaloingia katika sekunde arobaini ni kama wewe ungeuza jicho lako. Kila mtu ana jicho, kwa hiyo kila mtu ana jibu. Habari ya teknolojia huingia studio ikiwa suala la mitambo na sheria, hutoka ikiwa suala la tabia, kwa sababu tabia haihitaji maelezo ya awali. Watangazaji si wavivu kuliko watu wengine; wanauliza kinachoweza kujibiwa na mtu ambaye kredo yake inaisha.

Matangazo ya miradi ya intaneti nayo huzungumzia njia ya kushuka peke yake. Julai 2020 Telkom Kenya na Loon, kampuni dada ya Google, zilizindua huduma ya maputo yaliyoelea takriban kilomita 20 juu ya ardhi. Redioni mjadala ulihusu kama maputo yanapeleleza. Jambo lisiloulizwa sana ni kwamba yalitoa mawimbi ya 4G, hivyo mwenye kabambe angeweza kusimama chini yake kutwa nzima bila kupata kitu. Januari 2021 Loon ikatangazwa kufungwa, na Machi huduma ya Kenya ikakoma. Ilidumu miezi minane, muda ambao mbuzi huzaa mara moja na kuanza kufikiria ya pili.

Faiba ni habari tofauti. Nyaya za mtandao wa taifa hufuata barabara kuu, na mtu aliye kando ya barabara huamini kwa haki kwamba kilicho chini ya miguu yake ni chake. Lakini mwanga unaosafiri ndani ya kioo hautoki kwa kupita tu. Unahitaji kituo cha kuugeuza kuwa umeme, kisha mnara au waya wa kuugawa, kisha wateja wa kulipia vyote hivyo. Bila hivyo faiba hupita kijijini kama basi la usiku. Kwa sehemu ambazo hesabu ya kampuni haikubali, kampuni za mawasiliano hutozwa asilimia 0.5 ya mapato yao kwa ajili ya Hazina ya Huduma kwa Wote, ambayo hugharimia minara. Na mnara huanza na sauti, jambo ambalo kwa mjadala wa redio ndilo kubwa.

Starlink, iliyoanza Kenya Julai 2023, ndiyo inayosikika zaidi sasa, na kiufundi ina hoja. Setilaiti zake huzunguka kwenye kimo cha takriban kilomita 550, wakati setilaiti za kawaida za mawasiliano zimesimama kilomita 35,786 juu ya ikweta, ndiyo maana mazungumzo kupitia Starlink hayacheleweshwi sana. Mwaka 2024 ilitoa gigabaiti 50 kwa shilingi 1,300 kwa mwezi, sahani ikilipiwa kando. Sahani ya kawaida hula makumi ya wati bila kupumzika. Paneli inayowasha balbu tatu na kuchaji simu haiwezi kuibeba. Huduma inayosifiwa kwa kuwafikia wasiofikiwa ilipojaa, mwishoni mwa 2024, ikasimamisha kupokea wateja wapya, na mahali pa kwanza kujaa palikuwa Nairobi na kaunti za jirani.

Njia ya kupanda, hata hivyo, imekuwa ikishuka bei kimyakimya. Sauti ya dakika moja kwenye WhatsApp haifiki megabaiti moja. Hurekodiwa malishoni bila mtandao, hujituma yenyewe simu inapofika sentani, na haisubiri kwenye laini. Inaweza kusemwa kwa Kiturkana na kutafsiriwa studioni, kama studio ina mtu wa kutafsiri. Kadi ya salamu imerudi, safari hii ikiwa na sauti ya mwenyewe.

Tatizo liko kwenye simu inayoituma. Kabambe ina kipokezi cha FM ndani yake, na waya wa vipokea sauti vya masikioni ndio antena. Kwa hiyo husikiliza redio bila mtandao na bila kredo. Simu janja nyingi mpya zimetoka bila kipokezi hicho, na baadhi hazina hata tundu la waya. Redio husikilizwa kwa programu, kupitia intaneti. Kwa kasi ya kilobiti 64 kwa sekunde, saa moja ya kusikiliza hula karibu megabaiti 29, na mchungaji anayesikiliza kwa saa tatu hutumia megabaiti 86 kwa siku kabla hajasema neno.