Ramani za kale za topografia za jangwa la juu la Oregon

Ramani za kale za topografia za jangwa la juu la Oregon ni ramani za sura ya nchi zilizotolewa na Shirika la Upimaji wa Jiolojia la Marekani (USGS). Zinaonyesha eneo kame la ufugaji wa ng'ombe kusini mashariki mwa jimbo la Oregon. Mvua ni chache huko kwa sababu milima ya Cascade huzuia mawingu kutoka Pasifiki.

Historia

USGS ilianzishwa mwaka 1879. John Wesley Powell, aliyeiongoza miaka 1881–1894, alikuwa ameandika mwaka 1878 kwamba katika nchi kame thamani ya ardhi hutegemea maji. Alipendekeza kila mfugaji apate ekari 2,560 badala ya 160 zilizotolewa na sheria ya mwaka 1862. Pendekezo hilo halikukubaliwa, lakini chini yake upimaji wa ramani ulienea nchini.

Wapimaji wa kwanza walichora uwandani, juu ya ubao wenye miguu mitatu. Baadaye zilitumika picha zilizopigwa kutoka ndege. Skeli nazo zilibadilika: 1:125,000, kisha 1:62,500, na hatimaye 1:24,000, ambapo sentimita 1 ni mita 240.

Alama

Kontua huchorwa kwa rangi ya kahawia, maji kwa buluu, na kazi za binadamu kwa nyeusi. Mstari wa buluu uliokatika ni kijito cha msimu. Chemchemi, visima, vinu vya upepo vya kuvuta maji na majina ya ranchi huonyeshwa pia. Mara nyingi ranchi hukaa karibu na alama ya maji.

Matumizi na mipaka yake

Kwa kulinganisha ramani za miaka mbalimbali, msomaji huona njia, visima na ranchi zilizotokea au kutoweka. Lakini ramani hueleza hali ya wakati wa upimaji tu. Ziwa Malheur, kwa mfano, hupungua sana wakati wa ukame, na katika miaka ya 1980 lilifurika hadi kuungana na Ziwa Harney. Kwa hiyo ni lazima kusoma pembezoni mwa ramani mwaka wa upimaji, ambao huweza kutofautiana na mwaka wa uchapaji. Asiyefanya hivyo anaweza kutafuta maji mahali palipokwisha kukauka.

Tangu mwaka 2011 USGS imeweka nakala za ramani zake za kale kwenye intaneti bila malipo.