Fahamu: Kwa nini gemu ya Fast & Furious iliwaangusha mashabiki

Desemba 2019, waigizaji wa filamu za Fast & Furious, Vin Diesel na Michelle Rodriguez, walipanda jukwaani Los Angeles kutambulisha gemu ya Fast & Furious Crossroads. Hata kabla haijauzwa, wengi waliguna: picha zake zilionekana za kizamani. Ilipotoka Agosti 2020, wakosoaji waliiponda.

Ajabu ni kwamba waundaji wake, Slightly Mad Studios ya Uingereza, ndio waliotengeneza Project CARS, gemu iliyosifiwa kwa uhalisia wa magari. Lakini humu kwenye Crossroads gari linateleza kama boksi tupu, na hadithi unaimaliza kwa saa chache tu. Kwa bei ya gemu kubwa! Sauti ni za Diesel na Rodriguez wenyewe, lakini anayeshika usukani ni mchezaji, na hapo ndipo raha inapokosekana.

Gemu za filamu mara nyingi hufuata kalenda ya sinema. Hii ilipangiwa Mei 2020, mwezi uleule wa F9, filamu mpya ya mfululizo huo wakati ule. Korona ikaisukuma filamu hadi 2021; gemu ikaahirishwa miezi michache tu, ikatangulia peke yake.

Aprili 2022 iliondolewa kwenye maduka ya mtandaoni.